Kalamu Nyekundu Kwenye Barua ya Mitchelle

Mashimoni, Kibera,
Kwa sanduku la kanisa kama kawaida,
Nairobi.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mourine,

Salamu kwanza, kwa sababu mama yetu alitufunza kwamba hata ukiwa umekasirika namna gani, mtu unamsalimia. Hujambo? Mgongo wako umepoa? Na baridi ya huko imeanza, ama bado? Mumeo hajambo? Na mamake, huyo ambaye siku hizi kila kitu kinafanywa ili yeye apendezwe, anaendeleaje na miguu yake?

Sisi huku tuko wazima. Shivachi wangu alijikata kidole na msumeno mwezi wa saba, lakini kimepona na amerudi kutengeneza vitanda vyake. Maji yalipotea wiki mbili hapa Mashimoni, tukawa tunapanga mitungi kwa foleni tangu alfajiri, sasa yamerudi. Mitchelle hajambo. Amenizidi urefu. Yuko gredi ya tisa na walimu wanamsifu, ila hesabu tu ndiyo inamsumbua kama ilivyokusumbua wewe.

Basi, salamu zimeisha.

Nakuandikia kwa mkono, na kwa Kiswahili, hiki hiki chetu cha Nairobi kisicho na adabu ya pwani. Sikupigii simu tena kwa hii maneno kwa sababu kwa simu unaongea haraka halafu unasema unaitwa. Barua haiitwi na mtu. Na ukiona kosa mahali, lizungushie tu. Kalamu nyekundu najua unayo.

Wacha nianze mwanzo, usije ukasema nimekurukia.

Januari ulipiga ukasema sasa unamchukua mtoto, nimtafutie mtu wa kumfunza Kifaransa. Nilifurahi, sitakudanganya, na usiku huo pia nililia kidogo, hiyo pia sitakudanganya. Nikamtafuta mwalimu. Nilimpata Mama Bijou, Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele pale steji ya Kawangware 56, mlango wa pili kutoka kwa duka la mabati na misumari. Tukakubaliana mimi nimshonee nguo zake za kitenge, yeye amfunze mtoto kila Jumamosi. Na kila Jumamosi tangu Januari tumetoka hapa kwa mguu mimi na Mitchelle, mvua au jua, yeye na daftari lake ndani ya karatasi ya nailoni.

Ungeiona hiyo saluni. Mama Bijou anasuka huku anafunza, kitana kiko mdomoni, na ukiingia bila kusema bonjour madame anakurudisha nje uingie upya. Anasema kwa Wafaransa ukianza kuongea na mtu bila hiyo bonjour, hata umeshikwa na moto, hawakusikii. Sasa mpaka wamama wa Kawangware waliokuja tu kusukwa wanaijua. Siku alifundisha kwamba meza ni ya kike na kitanda ni cha kiume, Akeyo, yule anayeuza omena hapo nje, aliuliza ni nani aliyechungulia. Tulicheka mpaka mteja mmoja akaomba msuko uanzwe tena. Hayo yalikuwa masomo ya mtoto wako. Nilikuwa naona tunafanya kitu kizuri.

Kuna jambo moja Mama Bijou alilisisitiza, na nataka ulishike kwa sababu litarudi. Alimwambia Mitchelle kwamba Wafaransa wana wewe mbili. Kuna "tu", ya mtu wa karibu, na kuna "vous", ya heshima, ya mtu usiyemjua vizuri ama mtu mkubwa. Huwezi kujichukulia tu ile ya karibu. Unaanza na vous, unangoja, halafu siku moja yule mkubwa anakuambia mwenyewe, sogea, niite "tu". Mama Bijou alisema hiyo siku haisahauliki. Mitchelle aliandika hayo kwa daftari, nikamwona amepigia mstari.

Halafu Juni ukapiga tena. Ati mama mkwe anataka kuona kama msichana ataweza shule ya huko, kwa hivyo Mitchelle akuandikie barua ya Kifaransa, utaisoma mezani Jumapili watu wakiwa wamekusanyika.

Mourine, huyo mtoto aliandika barua hiyo wiki tatu. Aliiandika mara nne. Alikuwa anakaa kwa stuli kando ya cherehani yangu, mimi nashona sare za shule, yeye anaandika. Mji unaanza, halafu tarehe. Jina la ukoo kwa herufi kubwa zote. Vile vijiti na vikofia vya juu ya herufi alikuwa anaviweka mwishoni kabisa, kimoja kimoja, ulimi umetoka nje. Na mwanzo wa barua aliandika Chère maman. Mama mpendwa. Alikuwa akiyasema hayo maneno mawili kwa sauti ya chini akidhani cherehani inamfunika. Nilikuwa namsikia.

Aliniambia kitu kimoja siku ya kuituma. Mama Bijou alimfunza kwamba barua ya heshima ya Kifaransa huandikwa upande mmoja tu, nyuma hapaguswi. Mitchelle akasema basi mbele ni kwa ajili ya hao watu wa mezani, nyuma ni kwa ajili ya mama, kwa sababu wao hawatageuza na mama atageuza. Akaandika huko nyuma kwa Kiswahili. Hakunionyesha, nami sikumwomba.

Bahasha yako ilifika Ijumaa moja mwezi wa nane. Mitchelle alikuwa ameenda kanisani kuuliza kama alivyouliza kila siku. Alirudi mbio, anapita kati ya watu na ndoo zao za maji, ameishika hewani. Niliacha nguo kwa sindano. Tukaifungua tukiwa tumesimama.

Ndani ilikuwa barua yake mwenyewe, imerudi.

Nimeshona sare za watoto miaka kumi na tano, nimeona madaftari ya kila aina, lakini sijawahi kuona karatasi iliyotiwa wekundu namna ile. Umemsahihisha tarehe, ati jina la mwezi lianze na herufi ndogo. Umemrekebishia vikofia. Umemwambia meza ni ya kike, jambo ambalo anajua, aliteleza tu. Kuna mahali alikuuliza kama kwako kuna cherehani, kwa sababu nimemfunza kushona na mikono yake ni mizuri. Unajua ulimjibu nini? Uliweka alama nyekundu kwa sababu hakuacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza. Ati Wafaransa huacha nafasi hapo. Nafasi uliiona, swali hukuliona. Mpaka leo hajui kama kuna cherehani.

Hayo ningeyameza. Ningesema, ni sawa, mwenzetu ameishi na wenye lugha, anataka mtoto asichekwe. Lakini pale juu kabisa, Mourine. Ulichukua hiyo kalamu ukalikata neno maman kwa mistari miwili, ukiwa umeikandamiza mpaka karatasi ikakwaruzika, ukaandika juu yake tante.

Mitchelle aliangalia hapo. Mimi sijui Kifaransa, sikuelewa. Halafu akaweka kidole juu ya hilo neno akaniambia, "Anti, tante ni anti. Hapa ameandika wewe."

Hakulia. Ningependa alie. Alikunja barua yake kwa ile mikunjo ya kwanza, akachukua mtungi akaenda kuteka maji, na nyumbani maji yalikuwepo.

Ndani ya hiyo bahasha kulikuwa na karatasi nyingine, ya kwangu, imepigwa chapa kwa Kifaransa, na kijibarua chako cha Kiswahili kikisema niinakili yote kwa mkono wangu, nisibadilishe chochote, mwisho niandike lu et approuvé na nitie sahihi. Kesho yake nilimpelekea Mama Bijou. Alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mtu. Alisoma, akaacha kusuka, akaketi. Akanitafsiria pole pole. Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mama mzazi wa mtoto Mitchelle, namkabidhi binti yangu kwa mdogo wangu Mourine, ambaye ni tante wake, akae naye asome. Na yale maneno ya mwisho, akaniambia, maana yake ni nimesoma na nimekubali.

Sijasoma, kwa sababu siwezi. Na sijakubali. Unataka niandike kwa mkono wangu kwamba nimefanya yote mawili.

Mama Bijou akaomba aone na barua ya mtoto. Akapitisha kidole juu ya wekundu wote, mstari kwa mstari. Halafu akaniambia kitu ambacho angekiacha kama angekuwa na huruma kidogo, lakini yeye huwa anasema tu. Alisema, huyu dada yako amesahihisha kila kitu, lakini zile vous zote ameziacha. Mitchelle alikuwa amekuita vous mwanzo mpaka mwisho, alivyofundishwa, akingoja wewe umwambie asogee. Ilikuwa rahisi kama kumwambia mtu karibu kiti. Kalamu ulikuwa nayo mkononi.

Nilikupigia kutoka hapo hapo saluni. Ulikuwa kazini, ukaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwa maombi. Ukaniambia ni neno tu. Ukaniambia tangu siku ya kwanza wakwe zako wanajua huna mtoto, kwa hivyo umewaambia Mitchelle ni wangu, na akishafika utawafungulia mambo pole pole. Ukaniambia mkiwa wawili jikoni atakuita mama. Yaani msichana wa miaka kumi na nne awe anachungulia mlango kabla ya kumwita mamake. Na cheti chake cha kuzaliwa, ukasema kuna mtu atakishughulikia. Hiyo ya cheti sitaki hata kuijua.

Nikakuuliza kama ulisoma ya nyuma. Ukasema, nyuma ya nini?

Hapo ndipo simu ilikatika. Ulinitumia ujumbe ukilaumu mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliikata.

Kwa kuwa hukugeuza, wacha nikuandikie hapa alichokiandika. Nilimwomba ruhusa, akasema niandike tu, haina maana tena. Aliandika hivi: "Mama, huko mbele ni kazi ya Mama Bijou. Huku ni mimi. Nataka kujua kitu kimoja. Ni wewe unanitaka nije, ama unanihurumia kwa sababu tuko Kibera? Niambie tu ukweli, sitalia. Mimi huku siteseki. Anti ananipenda. Kama unanitaka nitakuja hata kesho. Nijibu kwa Kiswahili ndio nielewe vizuri."

Soma tena. Nitakungoja.

Hiyo barua uliishika kwa mikono yako miwili. Uliinamia mbele yake na kalamu, labda saa nzima, kwa sababu makosa uliyoyaokota ni mengi. Na hilo swali lilikuwa chini ya mkono wako muda wote huo. Mimi nina hasira na wewe, Mourine. Siyo kidogo. Nikikaa kwa cherehani inanijia, nashona mshono wa mkono umepinda, inabidi nifumue.

Sasa ngoja nikukumbushe kitu ambacho hujawahi kuniuliza.

Ulipoondoka kwenda kulea watoto wa watu, Mitchelle alikuwa na miaka mitatu. Ulimwacha hapa kwa mkeka akiwa amelala kwa sababu ulisema akiamka hutaweza. Unajua mimi na Shivachi hatukupata mtoto. Unajua tulivyohangaika. Na unajua vile watu wa ploti walivyo, mwanamke akikaa na mtoto wiki moja wameshampa jina. Mama wa maji, fundi wa viatu, mpaka pasta, wote wakaanza kuniita Mama Mitchelle. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili ambaye hajawahi kuitwa mama fulani, fikiria nilivyolisikia hilo jina mara ya kwanza mtu akiniita kutoka ng'ambo ya mtaro.

Nilikataa. Kila aliyeniita hivyo nilimsimamisha nikamwambia, mimi si Mama Mitchelle, Mama Mitchelle yuko Ulaya anatafuta, mimi namwekea tu. Niliwachosha mpaka wakaacha. Na mtoto mwenyewe, kwetu Kimilili unajua dada ya mama ni mama, hakuna jina lingine, angeniita mama na hakuna mtu angeshangaa. Nikamfunza kuniita Anti kama watoto wa Nairobi. Miaka kumi na moja. Nililiweka hilo jina kama nguo ya mteja, sikulivaa hata siku moja, nikijua mwenyewe atakuja kulichukua.

Na wewe ukaletewa hilo jina mpaka mezani kwako, limeandikwa vizuri na kijiti chake pale kwenye chère panapotakiwa, ukalikata.

Najua uliogopa. Siyo eti sijui. Ulimzaa ukiwa na miaka kumi na tisa, baba yake akapotelea mjini, na mama akakaa mwezi mzima bila kukusemesha. Ulipofika huko ukaona ni rahisi kuwa mtu aliyeanza upya. Uwongo wa siku ya kwanza unakuwa mgumu kuutoa siku ya mia tatu. Ungeniambia hayo tu, ungeniambia dada Nasambu, niliogopa, nimejifunga, nisaidie, haki ningelia nawe. Lakini hukuniambia hivyo. Ulinitumia karatasi ninakili nisibadilishe kitu.

Kaka yetu Mukhwana naye ulimpigia, nimesikia. Alikuja hapa amevaa koti akaniambia nisifungie mtoto bahati, Ulaya haibishi hodi mara mbili, niandike tu niitwe mama, jina halinipunguzii kitu. Nikamwambia kama ni rahisi hivyo, kalamu hii hapa, aandike yeye ndiye mama mzazi. Alikunywa chai yake akaenda.

Usifikiri niliamua peke yangu. Nilimkalisha Mitchelle nikamweleza yote, wakwe zako, jikoni, cheti. Nilimwambia kwamba huko atapata shule nzuri na kitanda chake, na kwamba mimi sitamshika mguu. Nilimwambia kama anataka kwenda, nitainakili hiyo karatasi mbaya neno kwa neno, na dhambi yake nitaibeba mimi. Nilimaanisha. Hata lile koti zito nililomshonea la baridi ya huko, lenye blanketi ndani, nilikuwa nimelimalizia vifungo. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama lile swali lake la nyuma ulilijibu kwa simu. Nikamwambia hapana. Akasema sawa.

Jumamosi iliyopita alikwenda kwa Mama Bijou na karatasi safi. Hakutaka nikae karibu, kwa hivyo nilisimama nje na Akeyo. Aliandika bila kuinua kichwa. Nimeiweka ndani ya bahasha hii hii, utaiona.

Mwanzo ameandika Chère tante, kama ulivyomsahihisha. Jina la mwezi ni herufi ndogo. Meza hakuitaja. Ameshukuru kwa masahihisho. Ameuliza afya ya mumeo na ya mamake, na kabla ya kila alama ya kuuliza ameacha nafasi, mpaka nyingine nadhani zimezidi. Ameeleza kwamba ataendelea na shule yake hapa. Ni vous mwanzo mpaka mwisho. Na mwisho ameweka ule mstari mrefu wa Wafaransa, wa kukuomba, Madame, uyapokee maelezo ya hisia zake za heshima. Mama Bijou alimwambia hiyo huandikiwa ofisi, ama benki, haiandikiwi mtu wako, atafute nyingine. Mitchelle akasema hapana, aiache hapo.

Mama Bijou aliipitia mara mbili akitafuta kosa. Hakuna hata moja. Unaweza kuisoma mezani Jumapili, mama mkwe atafurahi sana. Safari hii usijisumbue kugeuza. Nimegeuza mimi. Nyuma hakuna kitu.

Hayo ni yake. Yangu ni haya.

Ile karatasi yako nimeifikiria sana. Inasema mimi ndimi mama wa Mitchelle. Umewaambia wakwe zako hivyo, umemtuma Mukhwana aniambie hivyo, umeandika kwa Kifaransa hivyo, tena kwa chapa. Nilikuwa nabishana nayo mwezi mzima. Sasa nimechoka kubishana. Kama ni mimi mama, basi sawa, ni mimi. Na mama amekataa. Mtoto wake haendi mahali ambapo hana jina la kumwita aliyemzaa.

Ukitaka kulirudisha neno ulilolikata, halirudi kwa posta. Njia unaijua. Utashuka, utapita kwa maji, utaingia hapa mlango huu wa mabati ya buluu, na utamwita wewe mwenyewe mbele ya watu, mchana, kwa sauti. Nitakupikia. Sitakufukuza, wewe ni damu yangu. Lakini akikuitikia na vous ya Kiswahili, kama kuna kitu kama hicho, utaketi ungoje mpaka yeye ndiye akuambie usogee.

Shivachi anakusalimia, ingawa alisema nisiandike hivyo. Mukhwana anakusalimia. Akeyo wa omena anasema hakujui lakini anakusalimia vile vile. Mama Bijou amesema bonjour, hajaongeza kitu. Msalimie mumeo, na mamake, na umwambie asante kwa kutaka kumjua msichana wetu. Mitchelle salamu zake ziko kwa barua yake. Lile koti analivaa asubuhi akienda kwa foleni ya maji, linamtosha.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe usingizi mzuri siku akiona unaustahili.

Dada yako, ambaye anakupenda, na leo kwa shida sana,

Mama Mitchelle.